Majibu kwa Wasomaji: Kompaila ya Linux, Uiweke kwa Njia Ipi?

Barua za safari hii zimetoka Mbeya, Iringa na Njombe, na nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nataka kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) kwenye Linux, niiweke kwa njia ipi? Njia ni tatu. Unaweza kuichukua kwenye ghala la mfumo wako kwa apt (amri ya kuweka programu kwenye Ubuntu na Debian), unaweza kuishusha kutoka kwa watengenezaji wa lugha yenyewe, au unaweza kushusha msimbo chanzo ukaijenga mwenyewe. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: anza na ghala. Nenda kwa watengenezaji pale ghala linapokukwamisha kwa sababu unayoweza kuitaja. Kujenga mwenyewe tuwaachie wenye shida ambayo njia mbili za kwanza zimeshindwa kuitatua. Majibu yafuatayo yanaeleza kwa nini.

Kosa la std::format

*Shikamooni. Nasoma uhandisi wa kompyuta mwaka wa pili hapa Mbeya, nimepanga Iyunga. Kompyuta yangu ina Ubuntu 22.04 na RAM ya GB 4. Tumepewa zoezi la C++20 linalotumia std::format. Nikikompaili napata "fatal error: format: No such file or directory". Wenzangu wananiambia nishushe GCC mpya kabisa niijenge kutoka kwenye msimbo chanzo. Nifuate ushauri huo?*

Marahaba. Usiufuate, angalau si sasa. Chapa kwanza `g++ --version`. Kwenye Ubuntu 22.04 utaona GCC 11 (GCC ndiyo kompaila ya C na C++, na g++ ni amri yake ya C++). Toleo hilo linaikubali alama ya `-std=c++20` na lina sehemu kubwa ya C++20, ndiyo maana halikukataa tangu mwanzo. Ila faili la `<format>` limeingia kwenye GCC kuanzia toleo la 13. Kwa hiyo kompyuta yako haina hitilafu, ni toleo tu halijafika huko.

Njia nyepesi kuliko zote ni kutumia maktaba ya fmt, ambayo ndiyo iliyozaa std::format na iko tayari kwenye ghala la Ubuntu:

`sudo apt install build-essential libfmt-dev`

Kwenye zoezi lako andika `#include <fmt/format.h>`, na kila penye `std::format` weka `fmt::format`. Kisha:

`g++ -std=c++20 zoezi.cpp -o zoezi -lfmt`

Angalia mahali pa `-lfmt`: iko mwishoni, baada ya faili lako. Ukiitanguliza, kiunganishi, yaani sehemu inayounganisha programu yako na maktaba, kitaipita kabla hakijajua kwamba kuna kitu kinaihitaji, nawe utaletewa mistari ya "undefined reference" inayotaja `fmt::v8`. Wengi hufuta maktaba na kuiweka upya kwa ajili ya kosa hili, kumbe ni mpangilio wa maneno kwenye amri.

Kama anayesahihisha anataka `std::format` yenyewe, unahitaji GCC 13. Ukihamia Ubuntu 24.04 utaikuta, kwa sababu hiyo ndiyo kompaila yake ya kawaida. Kuhama kunakula bando kubwa, hivyo fanya pale chuoni penye mtandao wa uhakika. Ukitaka kubaki 22.04, kuna ghala la nyongeza la kikundi cha Ubuntu kinachoshughulikia kompaila:

`sudo add-apt-repository ppa:ubuntu-toolchain-r/test`
`sudo apt install g++-13`

Baada ya hapo iite kompaila kwa jina lake kamili, `g++-13 -std=c++20 zoezi.cpp -o zoezi`. Mradi ukitumia make au CMake, tanguliza `CC=gcc-13 CXX=g++-13`. Hatushauri kuigeuza `gcc` ya mfumo mzima ielekee toleo jipya. Viendeshi vya nje, kama vile vya baadhi ya kadi za Wi-Fi na za picha, hujengwa upya kila keneli (kiini cha mfumo) inapobadilika, na hutegemea gcc inayolingana na ile iliyoijenga keneli. Ukiibadilisha, leo hutaona kitu. Siku keneli itakaposasishwa utawasha kompyuta ukute Wi-Fi haipo.

Ghala hilo la nyongeza lina gharama yake pia, na ni vizuri uijue kabla. Linasasisha libstdc++, maktaba ya msingi ya C++, ya kompyuta nzima, si ya g++-13 peke yake. Programu uliyokompaili hapo itaendeshwa kwako bila shida, lakini ukimpelekea mwenzako mwenye Ubuntu 22.04 ya kawaida atapata "version GLIBCXX_3.4.32 not found". Hata programu fupi inayotumia `iostream` tu hupata kosa hilo ikikompailiwa na GCC 13.2. Mpe msimbo aukompaili mwenyewe, au ongeza `-static-libstdc++ -static-libgcc` kwenye amri ili maktaba iingie ndani ya programu.

Sasa turudi kwenye kujenga GCC mwenyewe. Kwa zoezi moja la darasani, huko ni kukata shamba zima la misindano ya Sao Hill ili upate mpini wa jembe. GCC ya kawaida hujijenga mara tatu mfululizo: ya kwanza kwa kompaila uliyonayo, ya pili kwa hiyo ya kwanza, ya tatu kwa ya pili, ili ithibitike kwamba inatoa matokeo yale yale. Inataka gigabaiti kadhaa za diski, na kwenye kompyuta ya GB 4 ni kazi ya saa nyingi. Ukiwahi kulazimika kweli, hatua ni hizi. Ndani ya folda ya msimbo endesha `./contrib/download_prerequisites`, inayoleta maktaba za hesabu za GMP, MPFR na MPC. Kisha toka nje, tengeneza folda nyingine kabisa ya kujengea, na kutoka humo chapa:

`../gcc-13.2.0/configure --prefix=$HOME/opt/gcc-13 --enable-languages=c,c++ --disable-multilib`

halafu `make -j2` na `make install`. Kila neno hapo lina sababu. Ukijengea ndani ya folda ya msimbo, mafaili yanachanganyika na ujenzi unaweza kuvunjika. Bila `--disable-multilib` itadai maktaba za 32-bit na kusimama. `--prefix` ya nyumbani kwako inaiweka mbali na mafaili ya mfumo, na siku ukiichoka unafuta folda moja tu. Na `-j2`, badala ya `-j4`, ni kwa sababu ya RAM. Ukiona "Killed signal terminated program cc1plus", usitafute kosa kwenye msimbo wa GCC: kumbukumbu imeisha na keneli imeua kompaila. Punguza hadi `-j1`, au ongeza swapu (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya GB 4:

`sudo fallocate -l 4G /swapfile`
`sudo chmod 600 /swapfile`
`sudo mkswap /swapfile`
`sudo swapon /swapfile`

Ujumbe huo wa "Killed" utakutana nao hata kwenye miradi mingine mikubwa ya C++, na dawa ni hiyo hiyo.

Rust ya Debian imepitwa

*Habari za kazi. Niko Makambako, natumia Debian 12. Nimekabidhiwa mradi wa Rust wa kurekodi uzito wa majani ya chai kwenye vituo vya kupokelea. Niliweka rustc (kompaila) na cargo (chombo cha kujengea miradi) kwa apt, lakini cargo build inasema "this version of Cargo is older than the 2024 edition". Nimeona watu wanatumia amri ya curl inayoingia moja kwa moja kwenye sh. Je, ni salama? Na itanilia bando kiasi gani?*

Nzuri, ndugu. Hapa sababu ya kuliacha ghala unayo mkononi. Debian 12 ilifunga Rust kwenye toleo la 1.63 na haitaipandisha, kwa kuwa Debian imara hairuki matoleo baada ya kutoka. Toleo la lugha la 2024 linahitaji Rust 1.85 au zaidi, iliyotoka Februari 2025. Hakuna mpangilio wa kuliziba pengo hilo. Ukibadilisha `edition` kuwa 2021 kwenye Cargo.toml yako, maktaba unazozitegemea huenda zikaja na dai lile lile.

Tumia rustup, ambayo ndiyo njia ya watengenezaji wa Rust wenyewe. Kuhusu usalama wa kuimwaga curl ndani ya sh, yaani kushusha hati na kuiendesha papo hapo, unamwamini mwenye tovuti pamoja na njia nzima ya kutoka kwake hadi kwako. Alama za `--proto '=https' --tlsv1.2` zinaifunga njia hiyo isishuke kwenye mawasiliano yasiyofichwa. Hatari ya pili ni mtandao kukatika katikati, ukaendesha nusu ya hati. Hati ya rustup imejikinga: kazi yote imo ndani ya fanksheni inayoitwa kwenye mstari wa mwisho, kwa hiyo hati iliyokatika haifanyi kitu. Hati za lugha nyingine si zote zilizo hivyo. Zoea kushusha kwanza, kusoma, kisha kuendesha:

`curl --proto '=https' --tlsv1.2 -sSf https://sh.rustup.rs -o rustup.sh`
`less rustup.sh`
`sh rustup.sh --profile minimal`

Neno la kuokoa bando ni `--profile minimal`. Linaleta rustc, cargo na maktaba ya msingi tu. Ukiacha chaguo la kawaida, unapata pia clippy (mkaguzi wa msimbo), rustfmt (mpangaji wa msimbo) na nyaraka zote za lugha, ambazo ni maelfu ya mafaili madogo. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, kuzifungua nyaraka hizo kunaweza kuchukua muda kuliko kuzishusha. Utakapoihitaji clippy, iongeze kwa `rustup component add clippy`.

Kabla ya kuendesha hati, ondoa zile za apt: `sudo apt remove rustc cargo`. Usipoziondoa, rustup itakuonya kwamba imekuta Rust nyingine kwenye /usr/bin. Ukipuuza onyo hilo utaishi na cargo mbili, na ipi inaitikia itategemea umefungua terminali ya namna gani. Usiendeshe hati kwa sudo. Rustup inakaa nyumbani kwako, kwenye `~/.cargo` na `~/.rustup`, na ukitumia sudo itakwenda kukaa kwenye nyumba ya root, msimamizi wa mfumo. Ikimaliza, chapa `. "$HOME/.cargo/env"` au fungua terminali mpya.

Kosa linalofuata kwa wengi ni "linker cc not found". Rust haiunganishi programu peke yake, inategemea kiunganishi cha C. Kwa hiyo `sudo apt install build-essential` bado inahitajika, na hiyo ya Debian inatosha kabisa.

Kwa kuwa vituo vya kupokelea chai huenda havina mtandao, fanya hivi: ukiwa mjini endesha `cargo fetch` ndani ya mradi, ishushe maktaba zote zilizotajwa kwenye Cargo.lock. Ukiwa kituoni tumia `cargo build --offline`. Chunguza pia kama mradi una faili la `rust-toolchain.toml`. Likiwepo na limetaja toleo, mathalani 1.85.0, rustup itashusha toleo hilo zima mara tu unapoita cargo ndani ya folda, hata kama tayari unalo jipya zaidi. Bando linaisha hivyo bila mtu kujua. `rustup toolchain list` inaonyesha yaliyorundikana, na `rustup toolchain uninstall` inayaondoa. Rust hutoa toleo jipya kila baada ya wiki 6, wala hakuna anayekulazimisha kulifuata kila moja.

Kwa wasomaji wa Ubuntu 24.04 na Debian 13, rustup yenyewe imo ghalani. Chapa `sudo apt install rustup`, kisha `rustup set profile minimal`, kisha `rustup default stable`. Kisakinishi mnakipata kwa saini ya ghala, bila hati ya curl.

"must match format 1.23"

*Mimi ni fundi kompyuta Mwanjelwa, Mbeya. Mteja ana programu ya Go, ikigoma inaandika "go.mod:3: invalid go version '1.22.0': must match format 1.23". Nimeshusha Go mpya kutoka tovuti yao nikaifungua /usr/local, lakini go version inaendelea kusema 1.18. Nimerudia, hali ni hiyo hiyo.*

Ujumbe huo umewapoteza wengi, fundi. 1.23 iliyotajwa hapo si toleo unaloambiwa ulitafute. Ni mfano wa umbo: namba, nukta, namba. Go za kabla ya 1.21 hazikuzoea kuona sehemu tatu kwenye mstari wa `go` wa faili la go.mod, zikaona "1.22.0" kuwa maandishi yasiyoeleweka. Kwa maneno mengine, anayejibu bado ni Go ya zamani ya Ubuntu 22.04, na ile mpya uliyoiweka haijaitwa hata kidogo.

Chapa `type -a go`. Utaona `/usr/bin/go` ikiwa juu, pengine peke yake. Ondoa hiyo, kisha anza upya kwa usafi:

`sudo apt remove golang-go`
`sudo apt autoremove`
`sudo rm -rf /usr/local/go`
`sudo tar -C /usr/local -xzf go1.22.5.linux-amd64.tar.gz`

Weka jina la faili ulilonalo, na kabla ya kulifungua linganisha `sha256sum` yake na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kushushia. Mstari wa `rm` usiuruke. Ukifungua Go mpya juu ya ya zamani, mafaili yaliyofutwa kwenye toleo jipya yanabaki, na maktaba ya msingi inakuwa mchanganyiko wa matoleo mawili. Makosa yake hayafanani na kitu chochote utakachokisoma mahali.

Kisha mwishoni mwa `~/.profile` ya mteja andika:

`export PATH=/usr/local/go/bin:$HOME/go/bin:$PATH`

Folda ya Go imetangulia `$PATH`, orodha ya folda zinamotafutwa amri, ili itafutwe kwanza. Faili hili husomwa mtumiaji anapoingia, hivyo toka uingie tena. Na kama nyumbani kwake kuna `~/.bash_profile`, bash ya kuingilia itasoma hiyo na kuiacha `~/.profile`, uweke mstari huko.

Ukiona "bash: /usr/bin/go: No such file or directory" wakati umeshaiondoa, bash inakumbuka njia ya zamani. `hash -r` inaisahaulisha. Ukiona "Exec format error", umeshusha faili la prosesa nyingine, mara nyingi arm64 badala ya amd64.

Jambo la mwisho kwa ajili ya bando la mteja: tangu 1.21, Go ikikuta go.mod inayodai toleo jipya kuliko yenyewe, inalishusha bila kuuliza. `go env -w GOTOOLCHAIN=local` inaizuia; badala ya kushusha itatoa kosa, nawe utaamua. Kuna watakaokushauri snap, njia nyingine ya Ubuntu ya kuweka programu. Inafanya kazi, ila snap hujisasisha yenyewe mara kadhaa kwa siku ikipata mtandao, na kwa mtu anayeunganisha simu yake kama modemu hilo ni tatizo. `sudo snap refresh --hold` huisimamisha.

Kompyuta 20, modemu moja

*Ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari hapa Iringa. Maabara ina kompyuta 20 zenye Ubuntu 22.04, na mtandao wetu ni modemu moja. Nataka wanafunzi wapate C na Java. Nikitumia apt kila kompyuta itashusha upya. Je, ni bora nishushe mafaili ya kompaila kwenye flashi niyanakili?*

Mwalimu, shikamoo. Baki na apt, ila uifanye ishushe mara moja tu. Kunakili pakeji za .deb kwa flashi kunawezekana, lakini kila kompyuta ina tofauti ndogo ya kile kilichokwisha kuwekwa, na utajikuta ukifukuzia pakeji moja iliyokosekana kwenye kompyuta ya kumi na mbili.

Chagua kompyuta moja iwe ghala la maabara. Ipe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, kisha juu yake weka apt-cacher-ng, inayotunza pakeji zilizoshushwa ili nyingine zichukue kwake:

`sudo apt install apt-cacher-ng`

Wakati wa kuweka itakuuliza kuhusu kuruhusu vichuguu vya HTTP, jibu hapana. Sasa kwenye kompyuta zote 20, pamoja na hiyo yenyewe, tengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy` lenye mistari hii miwili:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`
`Acquire::https::Proxy "DIRECT";`

Nukta-mkato ya mwisho wa mstari ikisahaulika, apt itagoma kusoma faili zima. Mstari wa pili upo kwa sababu apt hupitisha hata anwani za https kwenye proksi ya http isipoambiwa vinginevyo, na apt-cacher-ng itazikataa kwa kosa la 403. Ghala la kawaida la Ubuntu hutumia http na uhalali wa pakeji hulindwa kwa saini, kwa hiyo huko hakuna unachopoteza.

Anza na kompyuta moja. Endesha `sudo apt update`, halafu:

`sudo apt install build-essential openjdk-17-jdk`

Kabla ya kukubali, soma mstari unaoanza na "Need to get". Huo ndio ukubwa halisi wa mzigo wako. Ukisema 120 MB, kompyuta 20 zingekula 2,400 MB. Kwa mpango huu modemu inalipa 120 mara moja, na nyingine 19 zinachukua ndani ya maabara kwa kasi ya nyaya zenu. Ngoja ya kwanza imalize ndipo uende kwenye zilizobaki. Ukurasa wa `http://192.168.1.10:3142/acng-report.html` unaonyesha kiasi kilichotoka ndani na kilichotoka nje, na ukiona cha nje kinapanda kwa kila kompyuta, kuna ambayo faili lake la proksi halijasomwa.

Matatizo mawili utakutana nayo. Kompyuta ya ghala ikizimwa, nyingine zote zitasema "Could not connect". Iwashwe kwanza kila mnapotaka kuweka kitu. Na kompyuta zilizowashwa muda si mrefu zinaweza kusema "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend", zikitaja `unattended-upgr`. Ni sasisho la kiotomatiki linaendelea. Lisubiri. Kulifuta faili la kufuli, kama wengi wanavyoshauriana, kunaruhusu programu mbili kuandika kwenye hifadhidata ya dpkg (orodha ya pakeji zilizowekwa) kwa wakati mmoja, na kuirekebisha ni kazi kubwa kuliko kungoja.

Kuhusu Java, angalia herufi: JRE inaendesha tu, JDK ndiyo yenye `javac`. Ziko pia pakeji zinazoishia na `-headless`, ambazo ni ndogo. Zinatosha kama masomo ni ya maandishi kwenye terminali. Mkifika kwenye Swing, maktaba ya Java ya kutengeneza madirisha, dirisha la kwanza tu litatoa kosa la HeadlessException au la kukosa libawt, kwa sababu sehemu ya kuchora imeachwa. Ndiyo maana hapo juu tumeandika pakeji kamili.

Hakikisha pia kompyuta zote zina toleo moja. Mwanafunzi akikompaili kwa Java 17 na kupeleka faili la .class kwenye kompyuta yenye Java 11, ataambiwa "class file version 61.0" wakati hiyo inatambua hadi 55.0. Namba 61 ni Java 17, 55 ni Java 11. Kompyuta yenye zote mbili irekebishe kwa `sudo update-alternatives --config java`, na urudie kwa `javac`. Ni viungo viwili tofauti, na kubadilisha kimoja tu ndiko kunakoleta kosa hilo hata ndani ya kompyuta moja.

Umeme ulikatika katikati

*Tukuyu hapa. Umeme ulikatika nikiwa naweka build-essential, na kompyuta haina betri. Sasa apt haitaki kuweka kitu chochote.*

Pole. Hakuna kilichoharibika kwa kawaida. Chapa `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt --fix-broken install`, kisha rudia amri yako ya mwanzo. Pakeji zilizoshuka nzima zimo kwenye /var/cache/apt/archives na hazitashushwa tena.

Kama apt inasema "Release file is not valid yet", angalia saa. Kompyuta isiyo na betri ya ubaoni inarudi kwenye tarehe ya zamani kila umeme unapokatika, na kwa tarehe hiyo saini za ghala na vyeti vya tovuti vinaonekana ni vya siku zijazo. `sudo timedatectl set-ntp true` hurekebisha ukiwa na mtandao. Betri yenyewe, kwa kompyuta nyingi, ni kidonge cha CR2032.

Kompyuta ya 32-bit

*Mafinga. Nina mpakato wa zamani, uname -m inaandika i686. Kompaila za kisasa zitakubali?*

Kabla ya kitu kingine chapa `grep -w lm /proc/cpuinfo`. Ukipata mistari, prosesa yako ni ya 64-bit na aliyekuwekea mfumo aliweka wa 32-bit. Weka mfumo wa 64-bit na swali linaisha. Usipopata kitu, tumia Debian 12, kwa sababu Debian 13 haina tena kisakinishi cha 32-bit. GCC yake ya 12.2 inafanya kazi bila tatizo. Kwa Go chukua faili lenye `linux-386`, na kwa Rust rustup itatambua yenyewe, mradi prosesa iwe na SSE2, kundi la maagizo ya prosesa. Itafute kwa `grep -w sse2 /proc/cpuinfo`. Pentium 4 na zilizofuata zinayo.